Kutoa mita ya kibao, kuweka sensa ya MAP: shajara ya E30 ya Nairobi

Gari na ugonjwa wake

Gari ni BMW 320i ya umbo la E30, injini ya M20 yenye silinda sita, ujazo wa sentimita 1990, kompyuta ya Motronic 1.3, gea za mkono. Halina katalitiki wala sensa ya oksijeni. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo E30 zilizopo ndizo zilizopo, na mwenye nayo anairekebisha au anaiuza kwa kilo.

Nairobi linatembea vizuri. Likiteremka pwani linabadilika tabia. Kuanzia Voi hivi, ukilikanyaga likiwa na abiria na mizigo, linasita, linakohoa kupitia manifoldi, yaani mabomba yanayoingiza hewa kwenye silinda, na ukitoa plagi unazikuta nyeupe. Likirudi Nairobi linapona lenyewe. Kila fundi aliyeligusa alilaumu kitu chake: pampu, koili, petroli ya njiani.

Ugonjwa uko kwenye mita ya hewa, ambayo gereji nyingi huiita eyaflo. Ni sanduku la alumini lililo kati ya kichujio cha hewa na bomba la mpira linaloelekea kwenye throtoli, mlango wa hewa unaofunguliwa na mguu. Ndani mna kibao chenye bawaba. Hewa inayovutwa na injini inakisukuma, springi inakirudisha, na pale vinapolingana nguvu ndipo kinaposimama. Mkono mdogo uliounganishwa na kibao unateleza juu ya ukanda wa kaboni, na volti inayotoka hapo ndiyo habari pekee ambayo kompyuta inaipata kuhusu kiasi cha hewa.

Nilibandua kile kifuniko cheusi cha juu kwa kisu. Ukanda wa kaboni umelika mfereji pale mkono unaposhinda gari likiwa kwenye mwendo wa kawaida, na multimita inaonyesha volti ikiruka hapo badala ya kupanda taratibu. Hilo nililitarajia. La pili ndilo lililonifanya niketi chini: gurudumu la meno linalokaza springi lilikuwa limesogezwa. Alama ya rangi ya kiwandani ilikuwa meno kadhaa mbali na mahali pake, upande wa kukaza.

Aliyekaza alijua anachofanya

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mombasa shinikizo la hewa ni karibu kilopaskali 101. Kariobangi Light Industries, ninakofanyia kazi hii, ni 83, siku nyingine 84. Kwa joto lilelile, lita moja ya hewa ya hapa ina uzito wa kama asilimia 82 ya lita ya pwani.

Kibao hakijui uzito. Kinachokifungua ni msukumo, na msukumo unatokana na uzito wa hewa ukizidishwa kwa kasi yake, kisha kwa kasi yake tena. Hewa nyepesi inalazimika kukimbia zaidi ili kukifikisha kibao palepale. Ukipiga hesabu, kasi inapanda kwa asilimia 10 hivi, lakini kwa sababu kila lita imepungua uzito, hewa inayoingia kwa gramu ni kama asilimia 90 tu ya ile ambayo volti inaidai. Kompyuta inaiamini volti. Inamwaga petroli ya hewa ambayo haipo. Matokeo yake ni plagi nyeusi, harufu nyuma ya gari, na tangi linalokauka kabla ya mwisho wa mwezi.

Kuna magari ya enzi hiyo yaliyofungiwa sensa ya mwinuko kwa sababu hiyohiyo. Langu halina. Kwa hiyo fundi fulani, miaka mingi iliyopita, aliikaza springi ili kibao kifunguke pungufu kwa hewa ileile, mafuta yakapungua, gari likawa safi. Kwa mtu asiyeondoka Nairobi ni kazi nzuri kabisa. Lakini ukiteremka nalo Mombasa, hesabu inageuka: sasa hewa ni nzito kuliko volti inavyosema, na ukikanyaga hadi chini unakwenda na mafuta pungufu kwa asilimia 10, wakati injini inayahitaji kuliko wakati wowote. Springi moja haikazwi kwa miji miwili.

Njia zilizokuwepo

Kununua mita nyingine kama hii, iliyotumika, ni kununua ukanda mwingine wa kaboni wenye umri uleule. Kuusogeza mkono uguse sehemu ya kaboni isiyolika inawezekana, wengi wamefanya, na inaponya kuruka kwa volti. Mwinuko inauacha ulivyo.

Njia ya pili ni sensa ya waya moto pamoja na kisanduku kinachotafsiri ishara yake ifanane na ya kibao. Kwa haki, hiyo ingetibu tatizo la mwinuko: waya unaopozwa na hewa unapima uzito wa hewa moja kwa moja. Kinachonizuia ni kwamba sensa hizo zilizotumika ndizo zinazochakachuliwa sana sokoni, waya haupendi vumbi wala mafuta ya vile vichujio vya kuosha, na bado ningebaki na Motronic ambayo siwezi kuisoma wala kuiandika bila kubadilisha chipu.

Ya tatu ni kuacha kupima hewa kabisa. Unasoma shinikizo ndani ya manifoldi kwa sensa ya MAP, unasoma joto la hewa, unajua ujazo wa silinda, unakokotoa uzito. Hilo linahitaji kompyuta mpya. Nimechagua Speeduino, ambayo michoro na programu yake ni ya wazi na inakaa juu ya Arduino Mega 2560, ubao ambao mwanafunzi yeyote wa uhandisi hapa mjini anao kwenye droo.

Anayedhani huu ni usasa ajue kwamba ni kinyume. Bosch walianza na shinikizo: D-Jetronic ya 1967, kwenye Volkswagen 1600, ilisoma manifoldi. Kibao kilikuja miaka ya 1970 na L-Jetronic, kwa sababu ukipima hewa yenyewe, injini ikichakaa au ikijaa masizi kipimo kinaifuata na mafuta yanabaki sawa. Waya moto ukafuata miaka ya 1980. Toyota nao walizunguka vivyo hivyo: 4A-GE ya vali 20 iliyo kwenye AE101 ina kibao, ile ya AE111 iliyoifuata ina MAP. Tofauti ya leo na 1967 ni kwamba kompyuta ya kufanya hesabu hiyo inaingia mfukoni.

Kasoro ya MAP nimeielewa kabla ya kuanza na nimeikubali. Sensa hii haioni hewa. Inakisia, kwa kutegemea jedwali la VE linalosema silinda inajaa kwa asilimia ngapi katika kila mzunguko na kila shinikizo. Ukibadilisha kamshafti au ekzosi, jedwali limekuwa uongo na unalianza upya. Kibao kingelimudu badiliko hilo bila kuambiwa.

Kabla ya kutoa chochote

Nimechomeka tii kwenye paipu ya regyuleta ya mafuta, nikaweka sensa ya MAP na kulirekodi gari likiwa bado na mita yake. Nilitaka namba ya kulinganisha. Throtoli ikiwa wazi kabisa kwenye mizunguko 5,500, manifoldi inasoma 79. Nje ni 83. Kwa hiyo kichujio, mita na bomba vinakula kilopaskali nne.

Injekta zimeoshwa na kupimwa kwenye vikombe. Kila moja inatoa karibu sentimita za ujazo 150 kwa dakika na hazitofautiani sana. Zinatosha. Sihitaji kubwa zaidi, na yeyote anayeniambia niweke kubwa nimwulize farasi 129 zinakwenda wapi na petroli hiyo yote. Tena 129 ni za usawa wa bahari. Hapa ni kama 106.

Luthuli na Grogan

Siku ya kutembea. Luthuli, mtaa wa vifaa vya elektroniki, nimepata Arduino, transista, vipinga, waya wa kuchomelea na soketi za chipu. Sensa mbili za MPX4250 ilibidi ziagizwe nje, pamoja na kidhibiti cha sensa ya oksijeni ya LSU 4.9, ya kupima mchanganyiko wa hewa na petroli kwenye moshi, ambacho ndicho kilichokula fedha nyingi kuliko vyote. Kirinyaga Road, ambako kila mtu bado anapaita Grogan, nimepata sensa ya joto la hewa ya Bosch yenye plagi yake na kipande cha waya, moduli ya kuwashia koili, na sensa ya throtoli inayozunguka. Ile ya asili ya M20 ya gea za mkono ni swichi tu: inajua kufungwa na inajua kuwa wazi kabisa, katikati haijui lolote.

Shauri moja kwa anayefuata njia hii: sensa ya joto la hewa lazima uinunue. Ile ya asili imo ndani ya mita ya kibao, na ukitoa mita umeitoa nayo. Nimeona watu wakihangaika na gari lisilowaka vizuri asubuhi, kumbe kompyuta inadhani hewa ni ya baridi ya Aktiki kwa sababu waya wa sensa hauna kitu mwisho wake.

Waya

Sikukata waya wa gari. Motronic 1.3 ina plagi ya pini 55, na nilipata kompyuta iliyokufa ya aina hiyo kwenye lundo la spea. Nimeikunjua, nimetoa ubao wake, nimebakiza soketi na kasha. Speeduino imekaa ndani ya kasha lilelile, na plagi ya gari inaingia kama zamani. Kesho mtu akitaka kurudisha Motronic na kibao chake, anahitaji bisibisi na nusu saa.

Puli ya mbele ina gurudumu la meno 60 ambalo meno mawili hayapo, na sensa ya sumaku inayoyahesabu. Ishara yake ni wimbi, kompyuta inataka mraba, kwa hiyo kuna kipande cha kugeuza. Upande wa waya ni muhimu hapa. Zikiingia kinyume, pengo la meno mawili halionekani mahali pamoja kila mzunguko, na gari linawaka kwa bahati. Programu ya TunerStudio inachora kila jino, hivyo jibu lilikuwa kwenye skrini kabla hata plagi hazijarudishwa.

Koili moja na distributa vimebaki. Distributa ya injini hii imekaa kwenye kamshafti na haina uzito wala diafragmu ya kusogeza cheche, inagawa tu, na muda wa cheche unaamuliwa na kompyuta. Motronic ina transista ya koili ndani yake. Speeduino haina, ndiyo maana ya ile moduli ya nje. Imefungwa kwenye kipande cha alumini kwa sababu inapata moto.

Bomba la kuziba nafasi ya mita limetengenezwa Kamukunji. Nilipeleka vipimo na kipande cha bomba la zamani, na yule fundi bati hakuuliza ni ya nini. Alipima kwa kamba, akakunja, akachomelea. Ndani ni laini kuliko nilivyotegemea.

Kuna sensa ya pili ya MPX4250 isiyounganishwa na manifoldi. Inapumua hewa ya nje tu. Kwa nini mbili? Kompyuta inaweza kusoma shinikizo la nje pale unapofungua swichi kabla injini haijawaka, kupitia sensa ileile ya manifoldi. Lakini mtu akitoka Mombasa usiku na asizime gari hadi Mlolongo, karibu na Nairobi, kompyuta itakuwa bado inaamini yuko baharini.

Kuwaka

Limewaka. Kabla ya hapo nilifunga cheche kwenye nyuzi 10 kwa amri ya programu, nikaangalia alama ya puli kwa taa, nikasahihisha pembe ya gurudumu hadi vikakubaliana. Hii isiporukwa, mengine yote yanakuwa marekebisho. Ikirukwa, unarekebisha mafuta ya cheche ambayo hujui iko wapi.

Sailensi, yaani injini ikinguruma bila kukanyagwa, mizunguko 780, manifoldi 35, mchanganyiko 13.6 (gramu za hewa kwa kila gramu ya petroli). Vali ya sailensi ya Bosch inatii.

Ugomvi wa geji

Fundi wa jirani, mtu mzima anayeheshimika pale Light Industries, alikuja na geji yake ya utupu akaichomeka. Ikasoma inchi 14 za zebaki. Akatikisa kichwa.

"Boss, injini imechoka. Kitabu kinasema kumi na nane kwenda juu. Hii ni ringi."

"Fundi, hiyo geji inapima tofauti ya ndani na nje. Nje kwetu ni 83."

Tulikaa na kalamu. Injini inayonguruma gari likiwa limesimama inahitaji karibu hewa ileile popote ilipo, sema kilopaskali 35 ndani ya manifoldi. Pwani, 101 kutoa 35 ni 66, ambazo ni inchi 19 na nusu. Hapa, 83 kutoa 35 ni 48, inchi 14. Injini ni ileile. Hakuridhika, akaleta geji ya kompresheni, na hiyo nayo hapa inasoma chini kuliko kitabu kwa sababu silinda inaanza na hewa pungufu. Lakini zote sita zilisoma karibu 140, zikifuatana, na hapo akakubali kwamba ringi hazina neno. Nafikiria ni injini ngapi zimefunguliwa katika mji huu kwa kosa la kukaa juu.

Joto la foleni

Sensa ya joto la hewa ilianza kwenye manifoldi, ambako palikuwa na tundu lenye kizibo. Niliilinganisha na ya pili iliyokaa kwenye sanduku la kichujio. Barabara ikiwa wazi zinatofautiana nyuzi chache. Kwenye foleni ya Lusaka Road saa kumi na moja jioni, ya manifoldi ilifika 60 na ya kichujio 34.

Hewa inayoingia silinda haijafika 60. Ni alumini ya manifoldi iliyoichemsha sensa. Lakini kompyuta ikiambiwa 60 badala ya 34, inaiona hewa kuwa nyepesi kwa karibu asilimia 8 na inapunguza mafuta kwa kiasi hicho, ndipo gari linapoanza kutetemeka ukitoka kwenye taa. Sensa ya kichujio ndiyo inayotumika sasa. Kwa jiji hili ningesema mahali pa sensa hiyo panastahili kufikiriwa kuliko chapa ya kompyuta.

Jedwali

Kazi ya jioni nyingi, haina hadithi. Southern Bypass kwa mwendo wa kawaida, laptopu kwenye kiti cha abiria ikirekodi, kisha nyumbani kusoma na kusahihisha. Panapotakiwa 14.7 pakasoma 15.4, ongeza asilimia tano kwenye kisanduku hicho, endelea. Ile toleo la programu inayojisahihisha yenyewe inalipiwa, na nadhani inafaa kulipiwa. Mimi nilitaka kuijua injini kwanza.

Throtoli ikiwa wazi kabisa kwenye 5,500, manifoldi sasa inasoma 81. Kwa hiyo kibao kilikuwa kinakula kilopaskali mbili, yaani kama asilimia mbili na nusu ya hewa. Kifuani husikii. Anayefanya kazi yote hii kwa ajili ya nguvu angefanya vizuri zaidi kununua matairi. Kilichobadilika ni jinsi gari linavyojibu mguu ukiwa umekanyaga kidogo, kwenye ile sehemu ya ukanda iliyokuwa imelika.

Kupanda Limuru asubuhi, hadi ukingoni mwa Bonde la Ufa ambako barabara ya Mai Mahiu inaanza kuteremka. Sensa ya nje ilishuka kutoka 83 hadi chini kidogo ya 77. Mchanganyiko haukuondoka kwenye namba zake zaidi ya sehemu mbili za kumi. Hakuna aliyegusa kitu.

Safu zisizofikika

Jedwali langu linapanda hadi kilopaskali 100. Nairobi, injini isiyo na tabo haiwezi kuvuka 83, hata ukanyage hadi sakafuni. Kwa maana hiyo safu za 85, 90, 95 na 100 haziguswi kamwe hapa. Unaweza kurekebisha gari Nairobi mwaka mzima na usiwe umezigusa. Ndizo safu hasa ambazo injini itaziishi ikiteremka pwani, na ndizo zenye hatari, kwa sababu silinda iliyojaa zaidi ndiyo inayogonga cheche ikiwahi mno.

Ukimpa fundi wa Nairobi gari la MAP, umwulize hivi: safu za juu umeziandikaje? Wengi wanaziacha vile zilivyokuja na faili kutoka intaneti.

Zangu nilizijaza kwa kukisia na kwa woga. VE niliiendeleza kufuata mwelekeo wa safu za chini, kisha nikaongeza asilimia tano ya mafuta juu yake. Cheche niliirudisha nyuma: kwenye mizunguko 4,000, pale ambapo 80 ina nyuzi 28, safu ya 100 imepewa 23.

Mombasa Road

Ndugu yangu mdogo kwenye laptopu, mimi kwenye usukani, mizigo ya nyumbani nyuma kama kipimo halali. Sensa ya nje ni geji ya safari: Makindu 90, Mtito Andei 93, Voi 95. Baada ya kila kituo tulitafuta sehemu tupu, gea ya tatu, mguu chini hadi mizunguko 5,000, ambayo inabaki ndani ya kilomita 110 kwa saa, kisha pembeni kusoma.

Mtito Andei, safu ya 90 ilisoma 12.0 badala ya 12.7. Woga wangu ulikuwa mwingi, si mdogo. Tukapunguza. Voi, 95 ilisoma 11.9, tukapunguza asilimia sita. Hakuna kukohoa, hakuna kusita. Ya 100 ilibidi isubiri siku ya kurudi, kwa sababu kufika baharini ni mteremko na huwezi kuibebesha injini mzigo ukiteremka. Kupanda kutoka Miritini kuelekea Mazeras, nyuma ya malori ya kontena, mahali pa kupita palipofunguka, tukaipata: 99, mchanganyiko 12.5, hakuna mlio wa kugonga. Kati ya nyuzi tano za cheche nilizopunguza hapo nimeongeza tena mbili na nimeacha zilizobaki. Ningeweza kutafuta zaidi, lakini sina sensa ya kugonga na sikio langu lilikuwa linashindana na honi.

Jambo moja lilijitokeza ambalo Limuru lilikuwa dogo mno kuonekana. Mwendo wa pole, manifoldi 60, mizunguko 2,500: Nairobi 14.7, Mombasa 14.2. Kisanduku kilekile, manifoldi ileile. Sababu iko upande wa ekzosi. Pwani moshi unasukumana na hewa nzito zaidi nje, kwa hiyo mabaki mengi zaidi yanabaki kwenye silinda na hewa safi inapata nafasi ndogo. Kipimo cha manifoldi peke yake hakiwezi kulijua hilo. Hapa ndipo sensa ya pili inapolipa: jedwali la marekebisho ya shinikizo la nje limeandikwa asilimia 100 kwenye 83 na 97 kwenye 101, na katikati kompyuta inajigawia yenyewe. Kurudi, Voi na Makindu zote zilisoma 14.6 na 14.7.

Yaliyobaki

Kompresa ya eya-kondishena ikishika, sailensi inashuka hadi 600 kabla vali haijaamka. Speeduino ina mlango wa kuambiwa mapema, waya haujavutwa. Mafuta ya kuwakia baridi nimeyapima hadi nyuzi 14 tu, asubuhi ya Limuru. Chini ya hapo ni kukisia, na atakayelipeleka gari hili Nyahururu mwezi wa Julai atanijulisha. Mita ya kibao nimeirudisha springi kwenye alama ya kiwandani na kuusogeza mkono kwenye kaboni nzima. Inachukuliwa Jumamosi na mwenye E30 anayeishi Nyali, Mombasa.